Hodi Mlangoni Pako

Baba,

Mola akupe nuru huko uliko. Lile jumba la Wete ulilolilinda umri wako wote sasa ni ofisi za kukodisha. Mwenye jumba kaamuru kutoka Maskati. Paa halivuji tena, na chini ya mizambarau, pale ulipokuwa ukifagia kila asubuhi, wapangaji wanaegesha magari. Vyumba vyote vimekodishwa ila chako, cha mwisho kule juu. Ufunguo ninao mimi. Tangu tulipokutoa humo kwa jeneza, sijaingia.

Unakumbuka nilivyokucheka? Jumba tupu, nawe hufungui chumba ila upige hodi mara tatu. Nikakuuliza unambishia nani. Ukasema, "Nyumba ya watu hii. Walokufa nao wana haya zao." Nilicheka mpaka machozi. Sasa sicheki.

Juzi Bi Zuwena, mwanasheria kutoka Unguja aliyepanga chumba cha jirani, alikitaka chako aweke mafaili. Alipanda mchana kweupe kukitazama, akashuka kaona haya. "Ungenambia kuna mzee anakaa mle. Nimepiga hodi, kaitika karibu vizuri tu. Nkaona vibaya kumwingilia."

Mlango ulikuwa umefungwa, baba, na ufunguo uko mfukoni mwangu.

Nilipanda mbio. Nikapiga hodi mara tatu, nikatega sikio. Kimya. Jana tena, kimya. Leo vilevile. Niliingiwa na wivu, Mungu anisamehe, na hasira pia: mgeni wa Unguja unamkaribisha, mimi niliyekulisha uji kwa kijiko unaninyima neno moja! Nikakaa kwenye ngazi nikalia, wapangaji wakipita na karatasi zao.

Pale pale nikakumbuka. Utotoni nilikuwa nakuiga, nasimama mlangoni pako nabisha, nabisha, nawe huitiki. Unaniacha hadi nichoke, kisha unakuja kufungua mwenyewe: "Weye mwana wa nyumba, hodi ya nini?"

Bi Zuwena nimemwambia asubiri. Kesho nitafagia chini ya mizambarau kwanza, kisha nitapanda na ufunguo. Naogopa, sikufichi. Naogopa nitakukuta, na naogopa zaidi nitakuta kitanda tu.

Kwaheri ya leo, baba. Nakuahidi, sitabisha.

Mwanao,
Asha