Panya wa Mama Sifa wamelala

Mpofi, Alhamisi

Panya wajinga! Wiki mbili nawanywesha maji ya mizizi ili walale, nao wanapigana kama walevi. Leo Mama Sifa, mganga aliyetuonyesha mti wa dawa hii, alikuja kuwaona akacheka mpaka akakaa chini.

"Dokta, mizizi iko dawa ya tumbo! Ya usingizi njo majani!"

Niliandika vibaya mimi mwenyewe, na diplome yangu yote.

Tukachemsha majani. Panya wote wakalala fofofo, wanapumua vizuri. Nilitaka kuwabusu.

Kumbe mama yangu amesikia. Hajalala vizuri tangu tukimbie vita kule Kirolirwe, akaniomba kikombe. Nikakataa: tumejaribu kwa panya tu, naogopa kumuua.

"Basi, mutoto wangu, uniandike na miye panya."