Nimeuzulia Wimbo Wangu Kasoro Sita

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijazidi kumtesa mtoto wa watu.

Mimi ni mshona mapazia, nina miaka hamsini na mbili, naishi peke yangu tangu binti yangu aolewe, na mwaka huu nikajipa moyo nikaingia studio kurekodi wimbo ninaouimba jikoni miaka yote, sauti yangu na gitaa basi, na tulipomaliza wakaniambia bado haujaiva, lazima uende kwa fundi wa masta, yule wa mwisho kabisa anayeusawazisha ili ukipigwa redioni usizame wala usipasue watu masikio. Fundi huyo yuko mji mwingine, hatujawahi kuonana, tunaongea kwa simu tu. Aliponitumia kazi ya kwanza nilisikiliza nikalia, ulikuwa mzuri hivyo, halafu akapiga kuniuliza, "Dada, umeuonaje?" na mimi, Mungu anisamehe, nikasema sauti inakwaruza kidogo pale mwanzoni, kwa sababu nilijua nikisema uko sawa atashukuru na kukata simu.

Basi ukawa mchezo. Kila akirekebisha anapiga, anasema vaa hedifoni tusikilize pamoja, tunasikiliza, yeye kule mimi huku kwenye cherehani, dakika nne nzima hatusemi kitu, na mshauri, sijakaa kimya na mtu hivyo tangu nifiwe na mume wangu. Si mapenzi, usinielewe vibaya, ana mke wake, namsikia akimwita chakula kiko tayari. Mara ya sita kasoro ziliniishia, nikasema besi inavuma. Akasema, "Dada, wimbo huu hauna besi." Nilitamani ardhi ipasuke! Hakunigombeza, alinitumia tena kazi ileile, akaandika, "Niambie ndiyo utoke, au tafuta fundi mwingine." Leo siku ya tisa sijajibu. Nikisema ndiyo, nani atanipigia tena? Au nitafute kasoro nyingine, safari hii ya kweli?

Mshona Mapazia

JIBU

Dada wa mapazia, kwanza pole, na pole yangu inatoka moyoni, maana nyumba isiyo na wa kukuuliza umeshindaje inachosha kuliko kazi yoyote. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Fundi yule anakula kwa masikio yake. Mara sita umemwambia yanamdanganya, na yalikuwa sawa. Mteja angekuja kwako na pazia lililonyooka akakwambia limepinda, ukalifumua, akarudi tena limepinda, mara sita, si ungeanza kuyashuku macho yako? Ndicho ulichomfanyia, na upole wake wote ule. Aibu, dada yangu.

Hapana, usitafute kasoro nyingine. Hata ukiipata ya kweli, imeze.

Mwandikie "ndiyo" leo, kabla hujaliweka gazeti hili chini. Barua ndefu hivi na hujanidokezea hata wimbo unasema nini! Hilo limenishtua kuliko hiyo besi yako. Umeufungia ndani ukupigishe soga na fundi, nao ulitungwa uimbiwe watu.

Simu itanyamaza, sikufichi. Siku mbili tatu utakuwa unaitazama pale mezani na kujuta kunisikiliza. Ukitaka kulia, lia. Lakini isome tena barua yako: yeye kapiga, yeye kapiga, yeye kapiga. Wewe umempigia nani? Hata binti yako umemtaja kwa kuolewa tu.

Wiki ijayo mpigie fundi umweleze ukweli wote. Akikasirika, mvumilie, ana haki. Binti yako usimngojeshe hadi wiki ijayo, mpigie jioni hii. Atashtuka, atauliza, "Mama, kuna nini? Nani anaumwa?" Mwambie hakuna anayeumwa, umempigia kumjulia hali tu. Hiyo ni sababu tosha, dada yangu. Hapahitajiki kitu kiharibike kwanza.