Sweta Lisilo na Thamani

Baba Watoto,

Chakula kiko jikoni, pasha mwenyewe. Maji yanakatika saa nne, jaza ndoo. Simu usinipigie.

Asubuhi nilipeleka posta kifurushi cha mjukuu wetu wa ng'ambo ya daraja. Nchi ni moja, lakini siku hizi mzigo ukivuka daraja lazima watu wa forodha wajue kuna nini ndani. Fomu ulijaza wewe. Sikuisoma, nilikuamini. Afisa akaisoma kwa sauti, foleni nzima inasikia: “Kilichomo: sweta moja. Thamani: hakuna.” Akaniuliza, “Sasa mama, unalituma la nini?”

Miezi mitatu nimelifuma, macho yananiuma, wewe unapita tu kuuliza chai iko wapi. Na usiniambie ulikuwa unakwepa ushuru! Zawadi ya mtoto haitozwi ushuru, imeandikwa nyuma ya fomu hiyohiyo.

Nimelichukua, nalipeleka mwenyewe. ~~Nitarudi Jumapili.~~ Nitarudi nikijisikia.

Chini ya kikombe chako kuna fomu nyingine. Nimeandika: “Kilichomo: mume mmoja, amechakaa.” Pale pa thamani usipaguse. Nitapajaza mwenyewe nikirudi.

Mama Watoto