Kila Boti na Daftari Lake

Jumatatu, 11 Mei
Chai, mandazi mawili, kisha seva. Bekapu, ile nakala ya akiba ya kila siku, imefeli tena, siku ya nne sasa. Ujumbe mwekundu unasema vibarua wamekwisha. Vibarua ni jina nililolitunga mimi. Ni zile nyuzi za ndani zinazobeba kila kazi ya seva. Nimeufunga ujumbe nikamalizia andazi. Mtaalamu wa miaka ishirini huyo.

Mama Aline amekuja kwenye dirisha letu la kuandikisha wakimbizi. Alivuka kutoka Burundi akashukia Kagunga, upande wetu, bintiye wa miaka saba akabaki ng'ambo kwenye msukumano. Bi Zaituni, karani wetu, amefungua orodha za boti zote za siku ile. Mtoto hayumo.

Jumanne, 12 Mei
Chanzo nimekijua. Ni mimi. Tulipoanza kuandikisha wakimbizi hapa uwanjani, Zaituni alinieleza kuwa kwao Ujiji kila boti ina daftari lake, hayachanganywi. Nikaona hekima. Nikaipa kila boti hifadhidata yake. Nikasifiwa. Sasa zimefika mia na ushee, na mchana zote zinadai bekapu kwa mpigo. Kila moja inataka vibarua wake. Seva yenyewe ndogo. Wanaisha, kazi yote inakufa.

Nimemwambia Zaituni. "Mzee, mimi nilisema daftari. Sikukutuma ufungue duka la madaftari."

Jumatano, 13 Mei
Nimeongeza kikomo cha vibarua. Ujanja wa mvivu. Memori ikajaa, seva ikaganda. Foleni juani hadi alasiri, watoto wanalia. Mimi nyuma ya kabati, najifanya nakagua nyaya. Aibu tupu.

Mama Aline kasimama kutwa. Kumtafuta mtoto ni kufungua boti mojamoja, na foleni haimpi Zaituni nafasi.

Ijumaa, 15 Mei
Diski inagonga ndani kama mtu anayetaka kutoka. Naogopa. Dawa ni kuziunganisha zote ziwe hifadhidata moja. Lakini kuunganisha bila bekapu ni kuchezea majina ya watu.

Nimerudisha kikomo mahali pake. Bekapu tano tano, kwa zamu.

"Kumbe hata mashine hupanga ndoo bombani," kasema Zaituni.

Kufika alasiri, bekapu zote zimepita. Nakala iko kwenye diski ya nje, imeviringishwa kwenye khanga ya Zaituni.

Jumamosi, 16 Mei
Nimeunganisha kutwa. Kabla sijanyoosha mgongo, Zaituni ameandika jina la Aline, na la mama yake. Likaja papo hapo. Alivuka na shangazi yake, siku tatu nyuma ya mama. Ameandikwa tangu Ijumaa ya wiki iliyopita.

Zaituni hakunitania. Ndilo lililoniuma.

Jumapili, 17 Mei
Mtoto alikuwa upande wa pili wa uwanja uleule. Mama yake amenishika mikono yote miwili. "Urakoze, Mzee," asante ya kwao. Nikaitikia kwa kichwa.

Sikumwambia kwamba siku nane zote bintiye alikuwa humo ndani, kwenye daftari ambalo hatukulifungua.

Mchana bekapu imepita. Moja tu. Mandazi sikuyagusa.