Sahani za Shaba Chini ya Ghala

Jumatatu, 3 Machi
Nimefagia ghala, nimegeuza magunia. Mvua tangu asubuhi, lakini mahindi ya kina mama wa mtaa ni makavu kabisa. Nguzo kumi na mbili za matofali, hewa inapita chini ya sakafu, matundu juu ya kuta. Ghala lilijengwa kuhifadhi posho, chakula cha wafanyakazi wa mgodi. Baba, fundi kutoka Kasai, ndiye aliyepanga matofali. Nalipenda kuliko nyumba yangu. Nimeandika barua ya tatu kwa ofisi ya utamaduni, kuwaomba walisajili ghala hili lilindwe. Mbili za kwanza hazijajibiwa.

Jumatano, 5 Machi
Wachimbaji wameona udongo wa kijani kando ya nguzo. Hapa Dilala, kijani ni malakiti, jiwe lenye shaba, na malakiti ni shimo, hata sebuleni kwa mtu. Ilunga, mkubwa wao, kaja na koleo begani.
"Mama, huku chini kuko malakiti. Toka, tutakujengea ingine."
Yeye hata choo hajawahi kujenga.
"Mi siko natoka hapa."

Alhamisi, 6 Machi
Wajinga. Kijani hicho ni kutu. Juu ya kila nguzo kuna sahani ya shaba, pana kuliko nguzo yenyewe, ili panya akipanda agonge kichwa na kurudi alikotoka. Mvua inaosha kutu, inashuka udongoni. Nilikaribia kuwapigia kelele ukweli huo. Nikajiuma ulimi. Wakijua ni shaba watazing'oa zote wakauze. Nisiposema, watachimba hadi nguzo zianguke. Naogopa. Hasira ni kubwa zaidi.

Jumamosi, 8 Machi
Wamekuja wachimbaji saba. Nimekaa kwenye ngazi, kina mama wakakaa nami, mmoja ananyonyesha. Nikawapa shimo moja tu: hatua tatu kutoka nguzo, pale maji yanapotuama, penye kijani kibichi kuliko kote. Wakikosa, waondoke. Wakakubali upesi.
Wamechimba hadi kifuani. Udongo mwekundu mtupu. Ilunga katema mate, kabeba koleo lake. Shimo wameniachia nilifukie mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi
Nimepaka sahani zote lami, shaba isionekane na kutu isishuke tena. Mgongo unauma. Sijuti.

Jumatano, 19 Machi
Afisa wa utamaduni amefika. Amepima kuta, ameandika nguzo, hewa, matundu. Kisha akainama, akagusa sahani, akauliza ni za nini. Hakuna kitu kizuri zaidi katika jengo hili, na miaka yote nimetamani mtu aniulize.
Lakini atakachoandika kitasomwa na wengi. Nikasema ni za bati, za kuzuia panya.
Ameandika bati.