Nauli ya Karata za Mwalimu Tusa

Mwalimu Tusa,

Usicheke. Najua ungecheka ukiniona, mimi Mama Zuhura, mtu wa kutoa kopi za vyeti na kuuza kalamu, nimekaa nyuma ya kaunta ya duka langu hapa Tunduma naandika barua isiyo na pa kuipeleka. Lakini tangu tukuzike kwenu Itumba miezi minne iliyopita kuna mambo nimeyagundua, na wa kumwambia ni wewe tu. Mengine nataka kukuuliza hata kama hutajibu. Wewe mwenyewe ndiye uliyenizoesha kuuliza.

Kwanza, yule mchapaji wetu wa Dar es Salaam alipiga simu wiki ile ile niliyorudi kutoka msibani. Picha zako zote hamsini na nne zimo kwenye kompyuta yake, na kompyuta imejaa. Akasema kama hatuna oda tena, azifute. Michoro yako ya karatasi unajua ilivyokwisha mvua ilipoingia kabatini kwako. Kwa hiyo akifuta, basi, karata zako za hadithi zimekufa na wewe. Nikamwomba anipe muda kidogo.

Ukweli ni kwamba nilitaka kumwambia afute. Usafiri ulinishinda.

Unaikumbuka siku ile ya kwanza, pale kwenye intaneti kafe? Uliwapata wale watu wa ng'ambo wanaochapa karata kwa oda: ukitaka pakiti moja wanachapa moja, huhitaji kununua mzigo mzima. Bei ukaiona nzuri, ukanipiga bega. Tukabonyeza, tukabonyeza, ukurasa wa mwisho ukaleta gharama ya kusafirisha mpaka Tanzania, karibu mara tatu ya bei ya karata zenyewe! Ukasema mashine imekosea. Ukafunga, ukafungua upya. Ikakosea vilevile. "Kumbe karata zinapanda ndege," ukasema, "na mimi hata uwanja wa ndege sijauona." Tulicheka mpaka mwenye kafe akatukazia macho.

Ndipo tukampata huyu wa Dar. Naye anachapa kwa oda, hata tatu, hata tano, anatia kwenye basi. Ukasema wewe utashika wateja na usafirishaji, mimi nishike duka na kukunja maboksi. Nilipokuuliza nauli ya vifurushi inatoka wapi ukanijibu, "Imo humo humo kwenye bei ya Dar, Mama Zuhura, usijisumbue." Nikakuamini. Mwalimu wa shule, tena mwanakwaya wa Moraviani, atadanganya nini?

Ehe! Sasa sikia.

Mwalimu mmoja wa hapo Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Bi Mutale, alinipigia simu anataka pakiti sita za darasa lake. Akaongeza, "Na usafiri bure, kama Mwalimu Tusa alivyotuambia." Nikabeba boksi mpaka kwenye kampuni moja ya vifurushi. Binti wa pale akapima, akaandika, akanitajia bei. Imezidi bei ya karata zenyewe! Nikamwambia, mwanangu, Nakonde si ile pale? Ukisimama mlangoni unaona mabati yake. Akasema, "Mama, kule ni nje ya nchi. Mzigo unashuka kwanza Dar, unapanda ndege kwenda Lusaka, ndipo unarudi Nakonde kwa barabara." Jamani! Boksi lizunguke nchi mbili kwenda mahali ambapo mtu akipika samaki mimi nasikia harufu. Nilitamani uwepo, maana ungemuuliza maswali yule binti mpaka afunge ofisi.

Nikatoka na swali langu. Kama Nakonde ni hivi, wale watu wa vijijini, wa Saza na Ndalambo, ulikuwa unawafikishiaje? Nikaenda stendi kwa Mzee Simbeye, karani wa mizigo ya mabasi. Akavua miwani kwanza, akanipa pole. Halafu akasema, "Mwalimu alikuwa analipa mwenyewe. Kila boksi. Ninamwambia, Mwalimu, subiri yafike kumi uyafunge pamoja, sisi hatutozi uzito, tunatoza kifurushi. Anasema mtoto wa Saza hawezi kumsubiri mtoto wa Ndalambo." Nikamuuliza hela ulikuwa unazitoa wapi. Akanishangaa. "Kwani hukuona? Zamani alikuwa anakuja kwa pikipiki. Mwaka wake wa mwisho wote alikuja kwa mguu."

Tusa. Sisi ulituambia ni daktari amekushauri utembee. Na presha ile, na jua lile la mwezi wa kumi! Nimekukasirikia, nakwambia wazi. Nilikaa kwenye benchi la stendi nikakukasirikia mbele za watu mpaka mwenye machungwa akaja kuniuliza kama nimeibiwa. Kwa nini hukusema? Uliogopa nitasema tuache? Inawezekana ningesema. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba inawezekana kabisa ningesema.

Kesho yake nikajitwika boksi la Bi Mutale kichwani ili nivuke kwa miguu yangu mwenyewe. Foleni ya malori unaijua ilivyo, mkia hauonekani. Madereva wamekaa kwenye kivuli cha matela, wengine siku ya nne wanasubiri karatasi za forodha. Mmoja Mzambia, Ba Chanda jina lake, akaniita mama kwa Kibemba, "Bamayo, umebeba maandazi?" Nikamwambia nimebeba karata. Walisimama wote! Siku nne hawana la kufanya, halafu mtu anapita na karata kichwani. Nikafungua pakiti moja. Ba Chanda akatafuta mfalme, hakuna. Akatafuta malkia, hakuna. Akamkuta jogoo amepanda juu ya lori. "Sasa hii inachezwa namna gani?"

Nikawaeleza kama ulivyokuwa ukieleza darasani: unavuta karata, unaanza hadithi kwa picha uliyopata, mwenzako anavuta yake anaendeleza, anayeshindwa kuunganisha anatoka. Wanaume wazima wale, Tusa, na vitambi vyao! Jogoo wako alitoka Tunduma, akapimwa kwenye mzani akaonekana amezidisha uzito, akafika Kapiri Mposhi huko Zambia akaoa, mkewe akamkimbia na jongoo. Mama muuza chai alisahau sufuria mpaka ikamwagika. Mimi nilisahau Nakonde. Adhuhuri ilinikuta palepale, na pakiti nne tayari zimeuzwa. Bi Mutale nilimpelekea mbili na maneno ya kuomba radhi.

Nilirudi nacheka peke yangu barabarani kama mwehu. Miaka miwili tunahangaika nani atatubebea karata, na mlango wa duka langu unatazama foleni ya malori! Tumekaa kisimani tunalilia maji. Dereva ananunua, anatia nyuma ya kiti, anafikisha mwenyewe kwa watoto wake, Ndola au Lubumbashi au Iringa, na hanidai hata shilingi ya kubeba. Nikampigia mchapaji nikamwambia thubutu ufute! Nikaagiza pakiti nyingi kwa pamoja, boksi moja, nauli moja, kama Mzee Simbeye alivyokushauri ukakataa. Watoto wa Saza na Ndalambo sijawaacha. Mabasi ya huko nayo yana madereva, nao wana watoto, na sasa tumefahamiana.

Kwa hiyo hilo limekwisha vizuri. Lililobaki ni hili, na ndilo lililonikalisha kuandika.

Juzi Ba Chanda alinipigia simu akiwa nyumbani kwake Ndola. Binti yake, Bupe, ana miaka saba, alikuwa na swali. Ile karata ya mwanamke anayevuka daraja la Mto Songwe kule kwenu Ileje, amebeba furushi, amegeuza mgongo: anakwenda wapi? Na furushi ni la nani? Baba yake amemwambia anakwenda sokoni, mtoto amekataa. Anataka aseme mchoraji mwenyewe. "Bamayo, yuko hapo karibu? Mpe simu."

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Yuko darasani. Atatoka baadaye."

Sijui lilitoka wapi. Msibani nimepika, kaburini nimetupa udongo, watu nimewaambia umetangulia, umepumzika, tumekupoteza. Umekufa, hilo sijalisema hata mara moja, na sikujua mpaka mtoto wa watu aliponiuliza uko wapi.

Wiki ijayo Ba Chanda anapita. Nitampigia mtoto simu mbele yake, nimwambie kwa mdomo wangu: Bupe, Mwalimu Tusa amekufa. Nakuahidi hilo. Kisha atarudia swali lake, watoto hawaachi, nami nitamwambia ukweli wa pili, kwamba sijui yule mwanamke anakwenda wapi. Picha ile nimeitia kwenye boksi sijui mara ngapi, na wewe ulikuwa umekaa hapo mbele yangu, na sikukuuliza.

Mungu akulaze pema, rafiki yangu. Nakupenda.

Mama Zuhura