Ua la Buluu Uliloniachia Bila Jina

Mpendwa mke wangu, Mama Zuhura,

Nakuandikia nikiwa nimekasirika, na sina wa kumkasirikia ila wewe. Ungekuwepo tungegombana kidogo, ungenicheka, ungenitengea chakula, mambo yangeisha. Sasa hasira nabaki nayo mwenyewe.

Ni yale maua yako. Yale ya buluu, yaliyotambaa chini kuanzia mlango wa jiko mpaka kwenye pipa la maji. Unakumbuka tulipohamia nyumba hii hapa Ndagoni, nilitaka kuyang'oa nimwage changarawe? Ulisimama katikati ya uwanja na upawa mkononi ukasema, "Athumani, ukigusa hayo, leo unapika mwenyewe." Nikayaacha. Tangu siku hiyo nikawa nayaruka kila nikienda kuoga, na wewe ukawa unayamwagia maji uliyooshea mchele. Jina lake sikuuliza. Nani anauliza jina la majani ya uani kwake?

Siku uliyofariki nilikuwa nawe hospitali, Kilindoni. Huku nyumbani shemeji yako Hamadi akakusanya vijana waandae mahali pa watu kukaa. Wakakwatua uwanja mzima kwa majembe, wakafagia, wakatandika majamvi. Walifanya wema, sina neno nao. Lakini Zuhura alipotoka ndani akaona udongo mtupu pale palipokuwa na maua yako, alipiga yowe ambalo hakulipiga hata jeneza lilipoondoka.

"Hata maua yake mmeyaondoa!"

Baada ya hapo akanyamaza. Asubuhi shikamoo, marahaba, jioni chakula mezani, basi. Miezi ikapita hivyo, mimi na binti yetu ndani ya nyumba moja kama wapangaji wasiojuana.

Nikajiambia nitayapanda tena. Gugu tu, lina ugumu gani?

Mke wangu, lilinitoa jasho.

Unajua natoka nyumbani kukiwa bado giza kwenda gereji, narudi jua limeshapoa. Nikawa natafuta jioni hizo, njiani. Naegesha pikipiki, nainama kwenye mashamba ya watu kama mtu aliyedondosha pete. Ua la buluu sikuliona hata moja. Mwishowe nikamwendea jirani yetu Bi Mwatumu, nikamweleza.

"Hilo ni kongwe, mwanangu," akasema. "Limejaa muhogoni kwangu. Kila mwaka nalilaani."

"Mbona nimepita muhogoni kwako jana na sikuona ua?"

"Ulipita saa ngapi?"

"Jioni."

"Ua lake la asubuhi. Jua likipanda linajikunja. Hata adhuhuri hulikuti."

Kumbe siku zote zile nilikuwa nalikanyaga. Bi Mwatumu akanipa fungu la mashina, akanieleza kwamba kila fundo likigusa udongo linatoa mizizi. Nikapanda, nikamwagilia. Yakashika. Nikafurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Idi. Ijumaa moja, siku ambayo siendi kazini, nikaamka mapema kwenda kutazama, na ua la kwanza lilikuwa limefunguka.

La njano.

Njano, Mama Zuhura! Nilikaa chini pale pale. Zuhura akapita na ndoo, akalitazama ua, akanitazama mimi, akaenda zake. Bi Mwatumu nilipomwambia alicheka mpaka akashika kiuno. Yapo ya aina mbili shambani kwake, akasema, na yeye anayakata tu, hayachunguzi.

Nikamfuata bwana shamba. Yule kijana alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mzee, watu wanakuja kwangu kuomba dawa ya kuliua hilo. Wewe ni wa kwanza kuja kulitafutia mbegu." Nikarudi nimefedheheka. Niliyopanda mara ya pili yakaliwa na mbuzi wa Hamadi. Ya tatu nikayazungushia makuti, nikayawekea samadi, likaja jua la kiangazi likayakausha yote juu ya mchanga. Gugu ambalo wakulima hawalali kwa ajili yake, kwangu mimi halioti! Usiku ule niliutupa mpini wa jembe hadi ukutani. Nilikusema vibaya, nawe hupo kujibu.

Kisha masika ikaanza. Baada ya mvua za mwanzo, asubuhi ya Ijumaa, nilikuwa naenda kuoga na taulo begani.

"Baba, simama hapo hapo! Usishushe mguu!"

Nikabaki na mguu mmoja hewani. Zuhura alikuja mbio, akachuchumaa kando ya pipa la maji. Palikuwa na majani machache, mapana, na juu yake ua dogo la buluu, vipande viwili vikubwa vimesimama kama masikio. Pale pale lilipokuwa zamani. Hakuna aliyelipanda.

"Hili ndilo," akasema. Akainua jani kwa kidole. "Ona vinyweleo hivi vyekundu, hapa jani linaposhika shina. La njano halina. Na jani la njano ni jembamba."

"Limetoka wapi? Si walikwatua?"

"Linazaa mbegu na chini ya udongo pia. Mama aliwahi kunichimbulia nikaziona. Jembe halizimalizi."

Damu ikanipanda. "Zuhura, ulijua yote haya?"

"Nilijua."

"Ukaniacha nihangaike na la njano, na mbuzi, na samadi?"

Hakuinua uso. "Ulimuuliza Bi Mwatumu. Ukamuuliza bwana shamba. Mimi hukuniuliza, Baba."

Nilitaka kufoka. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikamwona anavyolikinga lile ua kwa viganja vyote viwili, na mikono ile ni yako kabisa, hadi kucha. Nikakaa chini, taulo likiwa begani.

"Haya. Nakuuliza sasa. Mama yako alikuwa analiitaje?"

Akafikiri. "Hakuliita jina. Alikuwa anasema tu, 'yale yangu'."

Ndipo akaanza kulia, kisha akaanza kuongea, na hakunyamaza mpaka lile ua likajikunja. Amenieleza mambo yako mengi ambayo mimi mumeo sikuyajua. Kwa nini ulimwambia yeye peke yake? Hilo ndilo linaloniudhi, na ndilo lililonifanya nikae kukuandikia. Ungeniambia japo moja. Ningesikiliza.

Leo si Ijumaa. Nilipaswa niwe nimefika gereji zamani. Simu ya tajiri imelia nimeiacha ilie. Zuhura amechemsha chai, tunangoja maua yafunguke. Ananihesabisha matumba, na kila nikikosea ananirekebisha kwa ukali, kama wewe.

Mola akupe nuru huko uliko.

Mumeo, ambaye bado ana hasira nawe,
Baba Zuhura